Video ya magaidi kwenye simu ya fundi

"Shikamoo wakili. Hii kitu iko kwangu lakini sijaiomba. Nina kosa?"

Ni fundi simu wa Kariakoo. Kundi lao la WhatsApp lilitupiwa video ya watu wenye bunduki na bendera nyeusi, na simu yake inapakua yenyewe. Aliishika kama kaa la moto.

Hapo ndipo sheria nyingi za kudhibiti maudhui zinapojikwaa: zinaitazama video, hazimtazami aliye nayo wala anachotaka kuifanyia.

Sisemi tuache kila kitu kipite. Machi 15, 2019, watu 51 walipouawa kwenye misikiti ya Christchurch, muuaji alirusha unyama wake mubashara Facebook. Kampuni ilisema ilifuta nakala milioni 1.5 ndani ya saa 24 za kwanza. New Zealand ikaipiga marufuku video hiyo pamoja na waraka wa muuaji. Anayeisambaza kwa kujua anaweza kufungwa hadi miaka 14. Sina ugomvi nao, hasa kwa kuwa waliacha mlango: mwandishi au mtafiti anaweza kuomba ruhusa. Sisi ambao al-Qaeda walilipua ubalozi wa Marekani pale Oysterbay, Dar es Salaam, Agosti 7, 1998, wakafa watu 11, tunauhitaji mlango huo. Mwanafunzi wa Mlimani ataiandikaje historia ile bila kusoma matamko ya al-Qaeda?

Uingereza ndiyo inayonitia shaka. Sheria yake ya 2006 imeingiza "kutukuza" ugaidi ndani ya kosa la kuhamasisha, na unaweza kutiwa hatiani bila kukusudia, ilimradi hukujali matokeo. Neno lenyewe linavutika kama mpira.

Mimi huazima vipimo vya Mpango wa Rabat wa Umoja wa Mataifa wa 2012, ingawa ulitungwa kwa ajili ya uchochezi wa chuki: mazingira, msemaji, nia, maneno yenyewe, yamefika wapi, na uwezekano wa madhara. Fundi wangu nia hana. Lakini anayeirusha video ileile kwa watu mia mbili na kuandika chini yake "vijana mnasubiri nini?", huyo ana kesi.

Nilimwambia aende polisi na namba iliyotuma, asiisambaze hata kwa kisingizio cha kuwaonya wenzake. Nikachukua simu nimwonyeshe pa kuzima upakuaji. Akacheka, fundi ni yeye. Kisha akaiomba yangu, akaikagua: nayo ilikuwa haijazimwa.