Lulu ya Kufugwa Si Lulu Bandia

Nauza shanga na vito hapa Kisumu. Msimu wa harusi ukiwadia, swali ni lile lile: "Hizi ni orijino ama ni za kufugwa?"

Lulu ya kufugwa ni orijino. Mfugaji humtia chaza kipande cha utando wa chaza mwingine, mara nyingi pamoja na kipunje cha gamba la kome. Kuanzia hapo kazi ni ya chaza mwenyewe, anayekifunika tabaka juu ya tabaka. Mjapani Mikimoto Kokichi alivuna zake za kwanza, za nusu duara, mwaka 1893, na leo karibu lulu zote madukani ni za kufugwa. Za asili ni adimu mno, na anayetaka kuzithibitisha huzipeleka kwenye eksirei.

Eti lulu huanza na chembe ya mchanga? Kwa kawaida chanzo ni kimelea au jeraha. Mchanga chaza huutema.

Linaloniuma zaidi ni dharau kwa lulu za maji baridi. Nyingi hutoka Uchina, kwa kome walio jamaa wa hawa wa Ziwa Victoria. Kome mmoja hubeba makumi kwa mpigo, ndiyo maana bei ni nafuu. Tena nyingi hazina kipunje ndani: ni lulu yenyewe hadi katikati. Akoya, lulu ya baharini ya Japani, ya milimita 6 hadi 8 hivi, huzishinda kwa mviringo na mng'ao, lakini tabaka zake juu ya kipunje ni nyembamba. Zile kubwa, nyeupe au za rangi ya dhahabu, ni za Australia, Indonesia na Ufilipino.

Nyeusi nazo husemwa zimepakwa rangi. Za Tahiti, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki, huzaliwa na weusi wao, wenye kijani au zambarau kwa mbali. Zilizotiwa rangi zipo pia, kwa hiyo chungulia tundu la uzi: rangi hujikusanya pale. Kwenye bandia, ngozi ya juu hubambuka hapo hapo, ukaona kioo au plastiki.

Na tafadhali, usizisafishe kwa ndimu wala siki. Lulu ni kalsiamu kaboneti, asidi huila. Jipulizie marashi kwanza, ndipo uvae. Ukivua, pangusa jasho kwa kitambaa laini chenye unyevu, maana joto la Kisumu halina mchezo.