Hujahama, Umepanga Chumba cha Pili

Wiki hii wamekuwa wanne wanaoniambia wamehama sigara wakaenda kwenye vepu, yaani sigara ya umeme, na leo ni Alhamisi tu. Wa mwisho alikuwa dereva wa lori aliyekwama hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, siku mbili akisubiri karatasi zake za forodha, akaona heri apitie kliniki aonyeshe kikohozi. Nikamuuliza habari za sigara kama ninavyomuuliza kila anayekohoa zaidi ya wiki mbili. Akatabasamu kama mwanafunzi aliyemaliza hesabu kabla ya wenzake, akachomoa mfukoni kidude cha zambarau kinachonukia tikitimaji, akakiweka mezani kando ya stethoskopu yangu.

"Musawo," akaniita, yaani daktari, "mimi sigara nilishahama. Siku hizi navuta hiki."

"Ya mwisho ulivuta lini?"

"Sigara?"

"Sigara."

"Leo. Lakini ile moja ya kufungua macho tu."

Nikampa kimashine apulize. Kikasoma 17.

Kwa asiyekijua: ni kipimo cha monoksidi ya kaboni katika pumzi, na hesabu yake ni sehemu kwa milioni. Asiyevuta husoma chini ya 6. Mvutaji wa kila siku hupita 10 bila jasho. Gesi yenyewe unaijua hata kama jina hulijui. Ndiyo inayoua watu waliolala na sigiri ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, asubuhi jirani wakavunja mlango. Inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni na haitaki kutoka. Sigara iliyowashwa ni kasigiri kadogo mdomoni.

Vepu haiwashwi. Ndani mna kiwaya kinachopata moto kwa betri, kinachemsha majimaji, unavuta ukungu wake. Hakuna kinachoungua, kwa hiyo gesi ya sigiri haizaliwi. Aliyehama kweli, baada ya siku moja au mbili, hupuliza namba ileile ya mtu asiyevuta. Ndiyo maana nakipenda kimashine hiki kuliko maelezo ya mgonjwa. Na sigara moja ya alfajiri haimfikishi mtu 17 saa saba mchana. Tulipozungumza zaidi tukapata ile ya kufungua macho, mbili za foleni, na moja ambayo "ilikuwa ya rafiki yangu, nilimmalizia tu".

Sasa nisikilize, kwa sababu hapa ndipo ninapopandwa na hasira kila mara. Mtu akihama nyumba, anabeba godoro, anarudisha ufunguo, anaondoka. Ninyi mnapanga chumba cha pili mtaa wa pili, na cha kwanza mnaendelea kukilipia kodi. Halafu mnanijia hapa mkinidai pongezi.

"Lakini musawo, nimepunguza! Nilikuwa pakiti nzima, sasa ni nne, tano."

Nakuamini. Ila kuna mambo mawili kuhusu kupunguza ambayo hakuna aliyekwambia. La kwanza, ubongo wako una hesabu yake. Umezoea kiasi fulani cha nikotini, na ukinyimwa sigara kumi na tano, zile tano zilizobaki unazivuta kama mtu anayenyonya muwa: ndani kabisa, mpaka kwenye kichungi, moshi unaushikilia kifuani. Hufanyi kusudi. Nimewahi kumpima mtu mmoja akiwa anavuta kumi na tano, nikampima tena alipofika sita, namba ikashuka kwa mbili tu. Akaniambia mashine yangu imeharibika.

La pili ni moyo. Watu wanadhani hatari inashuka kama bei ya jumla, ukipunguza mzigo nusu unalipa nusu. Kwenye mapafu na saratani, kiasi na miaka vina uzito mkubwa, kwa hiyo kupunguza hakukosi faida yoyote. Moyo haufuati hesabu hiyo. Mwaka 2018 watafiti wa London walikusanya tafiti nyingi za miaka mingi wakazipima pamoja. Wakakuta kwamba anayevuta sigara moja kwa siku anabeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa mishipa ya moyo anayoibeba mvutaji wa ishirini. Moja kwa ishirini, lakini hatari ni karibu nusu. Isome tena polepole, kisha uniambie habari ya "ile moja tu".

Na hiyo moja si ndogo hata kidogo. Nikotini ya sigara inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20, na kila baada ya saa mbili hivi nusu yake inakuwa imekwisha kwenye damu. Ukilala kwa muda wa saa saba, unaamka na deni. Swali ninalolitegemea kuliko yote si unavuta ngapi, ni dakika ngapi baada ya kuamka ndipo unawasha ya kwanza. Chini ya nusu saa, umefungwa kweli. Kwa hiyo mtu anapotupa zile za mchana, za baada ya chakula, za kupiga soga kwenye nyama choma, kisha akaibakiza ya alfajiri, amewafukuza wapangaji akamwacha mwenye nyumba.

Mbona basi kidude hakikutosha kuiondoa ya alfajiri? Mara nyingi ni ufundi tu. Mtu anaivuta vepu kama sigara, vifyonzo vifupi vya haraka, wakati kile kiwaya kinahitaji uvute taratibu na kwa muda ndipo kitoe kitu. Anakohoa, anasema haina nguvu, anarudi kwenye pakiti. Au ameuziwa majimaji hafifu, akijidhani ana hekima kuanza na kidogo, naye alikuwa mvutaji wa pakiti nzima. Au kinyume chake. Kile cha zambarau kilikuwa kimeandikwa 5%, maana yake karibu miligramu 50 za nikotini kwa kila mililita, wakati Ulaya kikomo cha kisheria ni 20. Kama maandishi ni ya kweli, lakini. Vitu vilivyopita njia za panya, lebo yake naichukulia kama ahadi ya kampeni.

Haya ya kupita haraka. "Ni mvuke wa maji tu." Si maji. Ni gliserini, propilini glaikoli, ladha, na nikotini, na kiwaya kikichoka au kikipata moto kupita kiasi kinaongeza formaldehidi na chembe za metali. Ni pungufu sana kuliko moshi wa sigara wenye kemikali zaidi ya 7,000, ila pungufu na hakuna ni maneno mawili. "Nikotini inaleta saratani." Hapana. Nikotini inakufunga, inapandisha mapigo ya moyo, si salama kwa mjamzito wala kwa kijana ambaye ubongo wake bado unakua. Saratani inatoka kwenye moshi. Wapo wanaoogopa bandiko la nikotini la kubandika begani kwa sababu hiyo, huku sigara iko sikioni! Na ile sauti ya WhatsApp ya "vepu inalipua mapafu" inatokana na jambo la kweli lililopindishwa: Marekani, mwaka 2019 na mwanzo wa 2020, watu zaidi ya 2,800 walilazwa na 68 wakafa. Mshukiwa mkuu alikuwa mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa kwenye majimaji ya bangi, mengi yao ya kununuliwa vichochoroni. Hiyo haiisafishi vepu. Inakuonya kuhusu kuvuta kitu usichojua kimechanganywa na nani.

Kinachonipa tabu zaidi ni maswali yanayokuja baada ya hapo, maana hapo ninapoteza ile sauti yangu ya daktari.

"Basi, musawo, nihamie moja kwa moja?"

Uganda kitu hicho ni marufuku. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2015, iliyoanza kazi Mei 2016, imekataza kuingiza, kutengeneza na kuuza sigara za umeme, pamoja na shisha na tumbaku ya ladha. Kampuni ya sigara ilikwenda Mahakama ya Katiba kuipinga, mwaka 2019 ikashindwa. Mimi niliishangilia sheria ile na bado naishangilia, maana nimeona wanafunzi wa sekondari na vidude vya ladha ya peremende. Lakini ng'ambo ya mto hapa, upande wa Kenya, dakika chache kwa miguu, vinauzwa dukani juu ya kaunta. Na upande huu huu wetu, sigara yenyewe, ile inayoua, inauzwa kwenye kila kibanda kando ya chapati. Mzee wa miaka hamsini na nane, mapafu yamechoka, amejaribu kuacha mara sita, ananiuliza kama kidude si afadhali. Kwa mwili wake, kama angehama kabisa, ni afadhali. Kisha inanibidi nimwambie siwezi kukiandika, sijui kilichomo, na anayekiuza anavunja sheria. Huwa namtazama nikiwa na majibu mawili kichwani, na yote mawili ni ya kweli.

Halafu kuna ile namba ya Waingereza, kwamba vepu ina madhara pungufu kwa 95%. Wasomi wangu wa WhatsApp wanaipenda. Ilitangazwa na shirika lao la afya ya umma mwaka 2015, lakini chanzo chake ni wataalamu walioketi mezani wakakadiria, si watu waliofuatiliwa mpaka makaburini. Naamini mwelekeo wake, tarakimu yenyewe siiapii. Kidude hiki cha kisasa kilianzia kwa mfamasia wa Kichina, Hon Lik, mwaka 2003. Saratani ya mapafu huchukua miongo kujitokeza. Hatujafika huko bado, na anayesema anajua hali ya mvutaji wa vepu wa miaka arobaini ana macho kuliko sisi wote.

Tunachokijua vizuri zaidi ni kama inasaidia kuacha. Jaribio moja la Uingereza lililochapishwa 2019, watu 886, liliwagawa: wengine vepu, wengine bandiko na bazoka za nikotini, wote na mshauri wa kila wiki kwa angalau mwezi mmoja. Baada ya mwaka, waliokuwa hawavuti sigara walikuwa 18 kati ya mia upande wa vepu, na karibu 10 upande wa pili. Wapenzi wa vepu wanaishia hapo. Mimi naendelea: themanini na mbili kati ya mia hawakufaulu, nao walikuwa na mshauri na bidhaa yenye lebo ya kuaminika. Na kati ya waliofaulu kwa vepu, wanane katika kumi walikuwa bado wanaivuta mwaka mzima baadaye. Wewe umenunua chako kwa kijana wa boda, mshauri wako ni shemeji yako, na ile ya alfajiri hujaiacha.

Bandiko na bazoka za nikotini ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Kuzipata huku mpakani ni jambo jingine. Nikizipata, dereva anauliza bei, analinganisha na sigara mbili za kununua moja moja, anacheka. Simlaumu.

Kitu kimoja ambacho karibu hakuna anayekisema, na aliyehama kweli atanishukuru. Moshi wa sigara, moshi wenyewe na si nikotini, unalifanya ini lichome baadhi ya vitu haraka mno. Kahawa ni mojawapo. Ukiacha moshi, hata kama bado unavuta vepu, vile vikombe vyako vitatu vinaanza kukaa mwilini kama sita. Mikono inatetemeka, usingizi hauji, moyo unadunda, nawe unasema ni kiu ya sigara, unawasha moja. Kumbe ni kahawa! Punguza kahawa nusu. Na kama una pumu na unameza aminofilini, ambayo bado tunaitoa sana, niambie siku unayoacha, maana dozi iliyokuwa sawa inaweza kuanza kukudhuru. Kidonge ni kilekile, ila mwili wa jana na wa kesho si mmoja.

Lazima pia nikiri udhaifu wa kimashine changu, kabla hamjanikamata wenyewe. Mwezi uliopita mama mchoma nyama wa hapa stendi alipuliza 12. Hajawahi kuvuta kitu maishani, nikamhoji kama polisi, akakasirika, nami nilistahili. Ni mkaa. Anakaa juu ya moto tangu saa tisa mchana hadi usiku. Vijana wa boda nao, kwa moshi wa foleni ya malori, wananisumbua namba. Kwa hiyo 8 au 9 siku hizi simhukumu mtu. 17 bado nahukumu.

Dereva alipata karatasi zake jioni ile, akaelekea Tororo. Makohozi yake nimeyapeleka maabara ya kifua kikuu, maana sigara inaufungulia mlango ugonjwa huo na kabini ya lori haina hewa. Ameahidi kupita akirudi. Nilimwambia aje asubuhi, kabla ya kukaa karibu na sigiri ya mtu yeyote, kabla ya kahawa, na kabla ya ile ya kufungua macho.

"Hata ile?" akauliza.

Nikamwambia aanze na hiyohiyo, zile za foleni tutazijadili baadaye.