Je, wajua kwa nini Che Guevara aliitwa Tatu?

Tarehe 19 Aprili 1965 aliingia Dar es Salaam mgeni mmoja aliyenyoa ndevu na kuvaa miwani, na pasipoti yake ilisema anaitwa Ramón Benítez. Alikuwa Che Guevara, mwanamapinduzi maarufu wa Cuba, naye alikuwa njiani kwenda vitani Kongo. Alifuatana na Wacuba wawili, Víctor Dreke na José María Martínez Tamayo. Kabla ya kuondoka kwenda Kigoma, Che alichukua kamusi ya Kiswahili akagawa majina: Dreke akawa Moja, Martínez Tamayo akawa Mbili, yeye akawa Tatu.

Lakini kiongozi ajiite wa tatu kwa nini? Kwanza ni kujificha. Che alikuwa ametoweka hadharani, dunia nzima inauliza yuko wapi. Pili ni rangi. Wacuba waliochaguliwa kwenda Kongo, zaidi ya 100, karibu wote walikuwa weusi, ili wasitambulike haraka kuwa ni wageni. Kwa hiyo Dreke, mtu mweusi, ndiye aliyetambulishwa kama kamanda, na yule mzungu Tatu akatajwa kuwa daktari na mkalimani wa Kifaransa. Nani angemshuku mtu wa tatu?

Mswahili akiyasikia majina hayo anajua papo hapo kuwa yametoka kamusini. Sisi humwita mtoto Mosi au Pili. Sijawahi kusikia mzazi aliyemwita mwanawe Mbili. Na Tatu, kwetu pwani, ni jina la kike. Waliofika baadaye walipewa hata majina ya vitu: Oscar Fernández Mell akaitwa Siki, na Emilio Aragonés, aliyekuwa na mwili mkubwa, akaitwa Tembo.

Alfajiri ya tarehe 24 Aprili kundi la kwanza lilishuka Kibamba, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Walikuja kuwasaidia waasi waliojiita wafuasi wa Lumumba dhidi ya serikali ya Kongo. Upande wa pili nao ulijaa wageni: mamluki wa kulipwa chini ya Mike Hoare, wengi wao kutoka Afrika Kusini, na marubani waliokuwa Wacuba pia, wale waliomkimbia Castro, kiongozi wa Cuba, na kuajiriwa na CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Ndiyo kusema Wacuba walipigana na Wacuba juu ya ardhi ya Kongo.

Majina ya Kiswahili walikuwa nayo, lugha yenyewe hawakuwa nayo, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kambi ya juu ilikuwa mlimani, mwendo wa saa kadhaa kutoka ziwani, na chakula kilipaswa kupandishwa kwa mabega. Che aliandika kwamba wapiganaji wa Kikongo walipoambiwa wabebe mizigo walijibu: "Mimi hapana motokari." Ni Kiswahili cha bara, mimi si gari, na kila mmoja wetu anaisikia hasira iliyomo. Baadaye, Wacuba walipokuwa wakibeba wenyewe, jibu likawa "Mimi hapana Cuban." Mimi naona jibu hilo la pili linaeleza vita vile kuliko ramani yoyote. Wenyeji waliwatazama wageni wakibeba mizigo, wakahitimisha kuwa hiyo ndiyo kazi ya Mcuba.

Tarehe 29 Juni walishambulia ngome ya Bendera, penye kituo cha umeme wa maji. Wacuba wanne wakafa. Katika maiti mojawapo adui alikuta shajara, na siri ya kwamba Wacuba wako Kongo ikaishia hapo.

Novemba, baada ya nchi za Afrika kukubaliana kutoingilia mambo ya Kongo, Tanzania iliwaomba Wacuba wasitishe msaada wao. Usiku wa kuamkia tarehe 21 walipanda mashua kurudi Kigoma. Siku chache baadaye Mobutu, mkuu wa jeshi la Kongo, akatwaa madaraka.

Che alibaki amejificha katika ubalozi wa Cuba, Dar es Salaam, kwa miezi kadhaa, akiandika kumbukumbu za vita hivyo. Hakujitetea. Katika makosa aliyojihesabia mwenyewe, mojawapo ni kutojifunza Kiswahili upesi na vizuri: Kifaransa kilimwezesha kuzungumza na wakubwa, lakini kikamtenga na askari wa kawaida.

Na mwalimu alikuwa naye. Kijana wa Kikongo, Freddy Ilanga, aliwekwa karibu naye ili amfundishe Kiswahili na kumtafsiria, bila kuambiwa mwanzoni mwanafunzi wake ni nani. Vita vilipokwisha Ilanga alipelekwa Cuba. Akajifunza Kihispania, akasomea udaktari, na akaishi huko mpaka alipofariki mwaka 2005.