DWPD kubwa haimaanishi SSD bora kwa seva yako

Ukiulizia SSD (diski ya chipu) ya seva, utaambiwa: chukua yenye DWPD (drive writes per day) kubwa, hutajuta. Kumbe namba hiyo inasema jambo moja tu, kwamba diski nzima inaweza kuandikwa upya mara ngapi kwa siku hadi dhamana iishe.

Tupige hesabu. Diski ya terabaiti 3.84 yenye DWPD 1 na dhamana ya miaka 5 inahimili kuandikwa terabaiti 7,008. Seva ikiandika gigabaiti 400 kila siku, na hizo si kidogo, kwa miaka 5 itafikisha terabaiti 730. Karibu sehemu ya kumi tu! Sasa DWPD 3 unailipia ya nini?

Mara nyingi unalipia nafasi iliyofichwa, ambayo huwezi kuitumia mwenyewe. Micron 7450 PRO ya terabaiti 3.84 ina DWPD 1. Ndugu yake MAX, ya terabaiti 3.2, ina 3. Nafasi hiyo iliyopunguzwa ndiyo inayokipa kidhibiti, yaani chipu inayoendesha diski, uwanja wa kuhamishia data bila kuchosha seli za kumbukumbu.

Usikisie. Kwenye diski ya NVMe (aina ya SSD yenye kasi) uliyonayo, endesha programu ya smartctl kwa amri smartctl -a ikifuatwa na jina la diski, tafuta mstari wa Data Units Written. Kila uniti ni baiti 512,000. Soma leo, soma tena baada ya wiki, toa, gawanya kwa 7, zidisha kwa 512,000: hizo ndizo baiti unazoandika kwa siku. Kwa diski ya kache (hifadhi ya muda ya data) inayoandikwa usiku na mchana, sawa, nunua DWPD 3.

Ila kapasita za kulinda data umeme ukikatika usizibanie. Diski nyingi za kompyuta za nyumbani hazina.