Baluni ya twinaksi ni nini, na kwa nini waya mpya haugeuzi teminali kuwa ya Etheneti

Baluni ya twinaksi ni kifaa kidogo cha kuenea kiganjani kinachounganisha twinaksi, yaani kebo ya zamani ya kompyuta za kati za IBM, na nyaya za jozi zilizosokotwa, kama Cat 5e au Cat 6. Upande mmoja kina kiunganishi cha twinaksi, upande wa pili tundu la RJ-45. Kwa kawaida hakihitaji umeme wake, na huwekwa viwili kwa kila njia: kimoja kwenye mashine kuu, kingine kwenye teminali (skrini na kibodi inayotegemea mashine kuu) au printa.

Mashine zinazohusika ni System/34 ya 1977, System/36, System/38, na AS/400 iliyotoka 1988. Teminali na printa za familia ya 5250 zilifungwa kwenye kebo nene yenye nyaya mbili za shaba zilizozungushiwa ngao. Poti moja hubeba vifaa 7, kwa anwani 0 hadi 6, vikifuatana kama shanga kwenye uzi, na uzi mzima unaweza kufika mita 1,525. Ubaya wake unajulikana: ukikata uzi katikati, vyote vilivyo baada ya mkato vinapoteza mawasiliano na mashine kuu.

Jina lenyewe linapotosha kidogo. Baluni halisi huunganisha njia iliyosawazishwa (nyaya mbili zenye mawimbi yaliyo kinyume) na isiyosawazishwa, kama inavyofanyika kwa kebo ya koaksia, yenye waya mmoja wa kati na ngao, ya teminali za 3270 za kompyuta kubwa za IBM. Twinaksi imeshasawazishwa tayari, na impidansi yake (ukinzani wa kebo kwa mawimbi), kama omu 100 hadi 110, haiko mbali na omu 100 za UTP, yaani nyaya za jozi zilizosokotwa zisizo na ngao. Ndiyo maana kazi hii inawezekana kwa kifaa rahisi namna hii.

Kinachobadilika ni waya tu. Mawimbi yanabaki yale yale ya 5250: megabiti 1 kwa sekunde, kwenye jozi moja, mashine kuu ikiuliza kila anwani kwa zamu. Kwa hiyo usichomeke njia hii kwenye swichi ya Etheneti, mtandao wa kawaida wa kompyuta, eti kwa sababu plagi inaingia. Haitafanya kazi, na kwenye pachi paneli (ubao wa matundu ya kuunganishia kebo) iliyochanganyika ni vyema plagi za 5250 ziwe na rangi yake.

Baluni nyingi hutumia pini 4 na 5, yaani jozi ya buluu, ambayo iko mahali pale pale katika T568A na T568B, mipangilio miwili ya kawaida ya rangi za waya. Hata hivyo soma karatasi ya kifaa chako, na nunua zote mbili za mtengenezaji mmoja, kwa kuwa si wote waliochagua pini hizo. Kebo iwe ya moja kwa moja, isiyopishanisha waya. Watengenezaji wengi huruhusu karibu mita 300 kutoka baluni hadi baluni, lakini ukivuta kebo mpya usipite mita 90 ukutani, ili baadaye ifae Etheneti bila kuivuta upya.

Hitilafu inayopoteza muda kuliko zote ni kupinduka kwa waya. Nyaya mbili za twinaksi huitwa fezi A na fezi B. Zikibadilishana nafasi, teminali inawaka vizuri lakini mashine kuu haiioni. Mara nyingi mkosaji ni kamba bapa ya simu iliyotumika kumalizia njia: hupishanisha waya, tena haijasokotwa, hivyo inaokota kelele. Kosa lingine ni kuchukua waya mmoja kutoka jozi ya buluu na mwingine kutoka jozi ya kijani. Testa ya taa itasema njia ni nzima, maana shaba inafika mwisho, lakini msokoto umepotea na makosa ya mawasiliano yanakuja na kuondoka.

Ukihamia mpangilio wa nyota, kwa kutumia kigawanyaji kimoja chenye matundu 7, kila kifaa kina kebo yake, lakini kwa mashine kuu bado vyote viko kwenye poti moja. Anwani zisirudiwe. Teminali mbili zenye anwani 2 zitajibu kwa pamoja na kuharibiana. Kuhusu swichi ya kumalizia mstari iliyo nyuma ya teminali, inayounganisha ukinzani mwishoni mwa kebo, kwenye twinaksi huwashwa kwenye kifaa cha mwisho pekee. Kwenye nyota fuata maelekezo ya kigawanyaji, kwani baadhi ya baluni zina ukinzani huo ndani, na ukiumaliza mstari mara mbili mawimbi yanadhoofika.

Pitisha UTP mbali na nyaya za umeme na taa za mirija, kwa kuwa haina ngao ya twinaksi. Siku ya kuacha 5250, utaondoa baluni pande zote mbili, utaweka kompyuta yenye programu ya TN5250, inayoiga teminali ya 5250 kupitia mtandao, na kebo ile ile itaingia kwenye swichi ya Etheneti.