Uyoga na maji ya rangi: kupauka si kusafika

Usafishaji kwa kuvu ni kuwatumia kuvu, hasa wale wanaoozesha mbao kama Trametes versicolor na uyoga mamama, kupunguza rangi na sumu katika maji taka ya viwanda vya nguo ili yatumike tena. Maana ni hiyo. Kinachonichosha ni zile picha za chupa mbili, moja ya buluu na nyingine angavu, chini yake pameandikwa "uyoga umekula rangi, maji safi".

Kwanza, rangi si chakula chake. Kuvu hawa huishi kwa sukari, na maabara huwaongezea. Ili kuifikia sukari iliyofungwa ndani ya mbao, humwaga nje ya seli vimeng'enya kama lakesi, vinavyovunja lignini, kile kitu kigumu kinachoshikilia mbao. Lignini haina mpangilio maalumu, kwa hiyo vimeng'enya vyake havichagui sana. Molekuli ya rangi ikipita, nayo huguswa.

Pili, na hili ndilo kubwa: rangi inaweza kutoweka majini bila kuvunjwa. Nyuzi za kuvu huinasa, hata kuvu wakiwa wamekufa. Zitazame: zikigeuka buluu, sumu imehama tu, na sasa una tope la kutupa. Ndiyo maana jaribio la maana hutumia pia kuvu waliochemshwa wakafa, kwa kulinganisha, ili kunasa kutenganishwe na kuvunja.

Hata ikivunjwa kweli, bado kuna swali la vipande. Rangi za azo, kundi kubwa la rangi za nguo, zikikatwa na bakteria pasipo oksijeni huacha kemikali ziitwazo amini, na baadhi yake husababisha saratani, ilhali maji yanaonekana hayana neno. Lakesi hufuata njia nyingine kwa kutumia oksijeni, lakini mabaki yake nayo lazima yapimwe.

Halafu chumvi. Kutia pamba rangi iliyokolea huweza kuhitaji gramu 50 na zaidi kwa lita, na hakuna kuvu anayeiondoa. Tiruppur, India, ambako mahakama ilifunga viwanda vya kutia rangi mwaka 2011 kwa kuchafua mto Noyyal, kuyarudisha maji kazini kumetegemea utando wa kuchuja na mitambo ya kuvukiza.

Kwa hiyo chini ya picha ile andika "yameondolewa rangi". Neno "safi" lisubiri vipimo vya chumvi, amini na sumu.