Azimio la Wanazuoni Si Sheria, Lakini Lisikupite

Kila kongamano kubwa la wanazuoni wa sheria ya kimataifa linapomalizika, idara yetu hupokea swali lile lile kutoka kwa waandishi wa habari, walimu na wanafunzi: je, waliyoyaazimia sasa ni sheria? Jibu fupi ni hapana. Tatizo ni kwamba wengi wakishalisikia jibu hilo hudhani basi wale watu walikwenda kupiga soga tu na kurudi makwao. Hapo ndipo ninapomwomba muulizaji asiondoke kwanza.

Sheria ya kimataifa haina bunge. Hakuna ukumbi mmoja duniani ambamo watu wakikaa na kupiga kura leo, kesho yake dola zote, yaani nchi zenye serikali zao, zinafungwa kisheria na walichokipitisha. Dola hujifunga zenyewe, kwa njia kuu mbili: kwa mkataba zilioutia saini na kuuridhia, yaani kuuthibitisha rasmi, au kwa desturi, yaani mwenendo ambao dola zimeufuata zikiamini kuwa ni wajibu wa kisheria, wala si hisani. Hati ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoambatanishwa na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945, inazitaja njia hizo katika ibara ya 38, pamoja na kanuni za jumla za sheria. Kisha, mwisho kabisa, inataja maamuzi ya mahakama na mafundisho ya wanasheria waliobobea wa mataifa mbalimbali, na kusema kwamba hayo ni njia ya ziada ya kuthibitisha kanuni. Kwa hiyo profesa anaweza kuitwa kuwa shahidi wa sheria ilivyo. Kuitunga si kazi yake.

Lakini ni shahidi anayesikilizwa. Mwaka 1873 wanasheria 11 walikutana mjini Ghent, Ubelgiji, wakaanzisha Taasisi ya Sheria ya Kimataifa. Mwaka huo huo chama kingine cha wanasheria wa kimataifa kikazaliwa Brussels. Miaka saba baadaye, mjini Oxford, Taasisi ile ilipitisha mwongozo wa sheria za vita vya nchi kavu. Haukuwa mkataba, na hakuna dola iliyofungwa nao. Hata hivyo wajumbe wa serikali walipokutana Hague, Uholanzi, mwaka 1899 kuandika mkataba wa kweli kuhusu vita hivyo, hawakuanza na karatasi tupu. Mengi yalikwisha fikiriwa, kubishaniwa na kuwekwa katika maneno. Mwaka 1904 Taasisi ilipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Mfano ambao mimi huurudia zaidi darasani ni wa mada iliyokataliwa. Raphael Lemkin alikuwa mwendesha mashtaka kijana nchini Poland. Tangu ujana wake alisumbuliwa na mauaji ya Waarmenia katika himaya ya Uthmaniya, yaani Uturuki ya zamani, na hasa na jambo moja: mtu akimuua jirani yake hushtakiwa, lakini watawala wakiangamiza jamii nzima ya watu wao wenyewe, sheria ya mataifa ilikuwa haina neno. Mwaka 1933 aliandika mada kwa ajili ya mkutano wa kimataifa wa wanasheria wa jinai uliofanyika Madrid. Alipendekeza makosa mawili mapya, moja la kuangamiza makundi ya watu na jingine la kuharibu urithi wao wa utamaduni. Serikali ya nchi yake ilimzuia asisafiri. Mada ikafika bila mwenyewe, na mkutano haukuipitisha.

Mtu aliyesoma gazeti wakati ule angeandika kwamba hakuna kilichotokea. Miaka michache baadaye Lemkin, aliyekuwa Myahudi, alikuwa mkimbizi aliyewakimbia Wanazi wa Ujerumani, na vita vilipokwisha alijua kwamba jamaa zake wengi walikuwa miongoni mwa Wayahudi waliouawa. Mwaka 1944, akiwa Marekani, alichapisha kitabu ambamo aliunda neno jipya la kosa hilo, ambalo sisi kwa Kiswahili tunaliita mauaji ya kimbari. Aliwafuata wajumbe wa Umoja wa Mataifa kwenye korido, mmoja mmoja, akiwa na rasimu mkononi. Tarehe 9 Desemba 1948 Baraza Kuu lilipitisha Mkataba wa Kuzuia na Kuadhibu Kosa la Mauaji ya Kimbari. Kutoka Madrid hadi hapo ni miaka 15.

Sipendi kuisimulia habari hii kana kwamba kila mada iliyokataliwa itashinda baadaye. Nyingi hazishindi, na nyingine hazistahili kushinda. Ninachotaka msomaji akione ni njia yenyewe: wazo hupata jina, jina hupata rasimu, rasimu hupata dola moja iliyo tayari kuibeba, kisha ya pili, na ya tatu. Kongamano ni kituo cha mwanzo katika safari hiyo, na mara nyingi huwa ndipo mahali pekee ambapo wazo linaweza kusemwa kabla halijawa na mwenye nguvu wa kulitetea.

Bahari inatupa mfano mwingine, na huu umetoka Afrika. Leo dola ya pwani ina haki juu ya samaki, mafuta na gesi hadi maili 200 za baharini, takriban kilomita 370 kutoka ufukweni. Hilo ndilo eneo maalumu la kiuchumi. Wazo hili liliwasilishwa na Kenya katika mkutano wa kamati ya mashauri ya kisheria ya nchi za Asia na Afrika mjini Colombo mwaka 1971, na mwanasheria Frank Njenga akalitetea tena Lagos mwaka uliofuata. Juni 1972 warsha ya dola za Afrika mjini Yaoundé ililiunga mkono wazo la eneo la kiuchumi. Wakati huo mataifa makubwa ya uvuvi yalitaka bahari iliyo karibu na pwani za wengine ibaki wazi kwa kila mwenye meli. Miaka kumi baadaye, eneo hilo likawa sehemu nzima ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982. Hao walikuwa wanasheria wa serikali zaidi kuliko maprofesa, ni kweli, lakini kazi waliyoifanya katika vyumba vile ilikuwa ya kitaaluma: kufafanua, kupinga, kuandika upya.

Kongamano lenyewe huendaje? Waandaaji hutoa wito wa mada miezi kadhaa kabla. Anayetaka kushiriki hutuma ikisiri fupi, yaani muhtasari wa mada yake, ambayo mara nyingi husomwa na wahakiki wasiojua jina lake. Akichaguliwa hupewa dakika kama 15 katika kikao chenye watoa mada watatu au wanne, kisha maswali. Wasiozoea hudhani uzito uko kwenye hotuba ya ufunguzi. Mimi, baada ya miaka mingi, ningemwambia mgeni aende kwenye vikao vidogo, akae karibu na yule anayeuliza swali gumu, halafu amfuate nje wakati wa mapumziko.

Na yanayojadiliwa sasa si mepesi. Yapo maswali ya silaha zinazochagua shabaha bila mkono wa binadamu, ya takataka zinazozunguka angani, ya mashambulizi ya mitandao, ambapo ni vigumu hata kujua nani kashambulia. Lakini swali ambalo kwangu linazidi yote ni la nchi zinazomezwa na bahari. Tangu zamani tumefundisha kwamba dola huhitaji eneo, watu, serikali na uwezo wa kuhusiana na dola nyingine. Je, eneo likifunikwa na maji, dola imekufa? Mipaka yake ya baharini inafutika? Watu wake wanabaki raia wa nini? Kwa miaka mingi haya yalikuwa maswali ya vikao vya wanazuoni tu, na wapo waliowaona waulizaji kama watu wa kubuni mambo.

Mwaka 2019 wanafunzi 27 wa sheria katika Chuo Kikuu cha Pasifiki Kusini, kutoka visiwa mbalimbali, waliamua kuzishawishi serikali zao ziiulize Mahakama ya Kimataifa ya Haki kuhusu wajibu wa dola juu ya mabadiliko ya tabianchi. Vanuatu, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, ikaibeba hoja yao. Tarehe 29 Machi 2023 Baraza Kuu likaomba maoni ya ushauri bila kura ya kupinga, na tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ikatoa maoni hayo kwa kauli moja. Ilisema kwamba kupotea kwa moja ya vigezo vya dola hakumaanishi lazima kwamba dola hiyo imekoma kuwa dola. Tafsiri sahihi ya sentensi hiyo ndiyo itakayokuwa kazi ya makongamano ya miaka ijayo, maana Mahakama haikusema dola isiyo na ardhi itaishi vipi. Hata hayo maoni ya ushauri hayamfungi mtu kama hukumu inavyofunga pande zilizoshtakiana. Uzito wake unatokana na kwamba yanaeleza sheria ambayo tayari inazifunga dola.

Kwa sababu chumba cha kongamano kina uzito huo, ni lazima tuulize nani anaingia. Hapa naumia, na sitaficha. Nimeona kiti chenye jina la mtoa mada kikikaa kitupu siku mbili kwa kuwa viza haikutoka, na mada hiyo ilihusu watu wa nchi yake mwenyewe. Ada ya ushiriki, nauli na hoteli humchuja mtafiti kijana kabla hata wazo lake halijapimwa. Lugha nayo ni lango: mikutano mingi huendeshwa kwa Kiingereza, na Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko Hague, hufanya kazi kwa Kifaransa na Kiingereza tu. Mwaka 1997 kundi la wasomi wenye asili ya Afrika na Asia, wakiwamo Makau Mutua, James Gathii, Antony Anghie na B. S. Chimni, walihusika katika kuanzisha mkondo wa fikra unaochunguza jinsi ukoloni ulivyoiunda sheria ya kimataifa, na mkutano wa mwaka huo katika Chuo Kikuu cha Harvard ndio huhesabiwa kuwa mwanzo wake. Walichokidai ni kwamba historia ya sheria hii isimuliwe pia na wale ambao ilitumika dhidi yao. Ushiriki kwa njia ya video umefungua mlango kidogo. Lakini korido haina video, na Lemkin alifanya kazi yake kwenye korido.

Ukisoma kwamba mkutano wa kimataifa "umepiga marufuku" jambo fulani, uliza kwanza nani alikaa mezani: wajumbe wenye hati za mamlaka kutoka serikali zao, au wataalamu waliokuja kwa majina yao? Kama ni wajumbe wa serikali, walitia saini au walikubaliana tu kuendelea kuzungumza? Na kama walitia saini, ni dola ngapi zimeridhia, na mkataba umekwisha anza kutumika? Mkataba wa Sheria ya Bahari uliopitishwa 1982 ulianza kutumika Novemba 1994. Mwandishi anayeruka maswali haya humfanya msomaji adhani ana haki ambayo bado hana, au akate tamaa ya haki ambayo iko njiani.

Moja iko njiani sasa hivi. Mauaji ya kimbari yana mkataba wake tangu 1948, lakini jinai dhidi ya ubinadamu, yaani mashambulizi makubwa au ya kimfumo dhidi ya raia, ambayo ni pana zaidi na haihitaji kuthibitisha nia ya kuangamiza kundi, bado haina mkataba wake wenyewe wa dunia. Mwaka 2008 wanazuoni katika chuo kikuu kimoja cha Marekani walianza kuandaa rasimu, wakishauriana na wataalamu wa mabara mbalimbali. Tume ya Sheria ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa, yenye wajumbe 34, ililichukua suala hilo na mwaka 2019 ikakamilisha ibara 15. Ubishi wa kisiasa ukazikwamisha kwa miaka kadhaa. Desemba 2024 Baraza Kuu liliamua kwamba mkutano wa kuandika mkataba wenyewe ufanyike mwaka 2028 na 2029. Hadi hapo, ibara zile 15 bado ni rasimu, na vyuo, mashirika ya waathirika na wanasheria wa serikali wanaendelea kukutana kuzijadili neno kwa neno.